Wimbo gani wa mapenzi unasema ukweli wa maisha ya ndani ya nyumba?

#1 Mzee wa Santuri

Wakuu, salaam.

Nina hoja naiweka mezani. Katika nyimbo zote za mapenzi tulizonazo Afrika Mashariki, uliosema kweli kuliko zote ni Malaika, na sababu ni moja tu: una pesa ndani yake. Kijana anampenda binti, kisha anasema wazi kwamba mali hana, angekuwa nayo angeoa. Basi. Haapi kumshushia nyota wala kuvuka bahari. Pesa ndiyo inayomsumbua roho. Huo ndio mkasa wa vijana wa leo: unatajiwa mahari, ukimaliza mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, ukimaliza kamati ya harusi inataka ukumbi.

Siku hizi redio inanipa mapenzi ya ufukweni na magari ya kuazima. Nauliza kwa dhati: ni wimbo gani umekufundisha jambo kuhusu mapenzi ya kila siku, yale ya ada ya mtoto, umeme wa Luku uliokatika usiku na mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi? Taja wimbo na ulichojifunza. Nataka uliokubadilisha mwenendo. Wa kuchezea tu tuuache.

Fadhili William alipoutunga ule wimbo alijua anachokisema.

#2 Binti wa Kange

Malaika ni mzuri, lakini huo ni wimbo wa mtu aliyeishia mlangoni. Hajaoa. Maisha ya ndani hajayaona, atatufundisha nini kuhusu ndani? Kumlilia mtu uliyemkosa ni rahisi. Ishi naye kwanza, umsikie anavyokoroma na umjue anavyoficha mshahara, kisha tunga.

#3 Nyota ya Likoni

Mzee wa Santuri, hapo mwisho turekebishane kidogo. Fadhili William ndiye aliyeurekodi, akiwa na Jambo Boys, lakini utunzi wake una ugomvi. Adam Salim alidai aliutunga yeye mwaka 1945. Fadhili naye alishikilia ni wake mpaka alipofariki mwaka 2001. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya 1965 ndipo dunia ikaujua, na Boney M wakaja kuuimba baadaye.

Ila ugomvi wenyewe unaipa nguvu hoja yako. Kila mmoja alisimulia kwamba aliuimba kwa msichana aliyempenda, akaolewa na mwenye nazo. Wanaume wawili wanagombea wimbo mmoja na kisa chao ni kile kile.

#4 Kondakta wa Zamani

Mimi nataja Sina Makosa ya Les Wanyika. Kila harusi niliyohudhuria umepigwa. Bibi harusi anacheza, mama yake anacheza, shehe anatikisa kichwa. Hebu sikilizeni maneno! Ni wanaume wawili wanagombana. Mmoja anamwambia mwenzake: hasira za nini, yule si wako na wala si wangu, wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu nyumbani. Yaani waume za watu wawili wanamgombea mwanamke wa tatu, na tunawachezea maharusi!

Somo nililopata: ugomvi mwingi wa mapenzi unahusu kitu ambacho hakuna mwenye haki nacho. Nilimwacha mtu niliyekuwa nagombana juu yake kwa sababu ya huo wimbo. Sitanii.

#5 Fundi Mabomba Ukonga

#4 mimi siku zote nilijua ni mke anamlilia mume mwenye wivu. Anamwita "baba", anasema wataka kuniua bure.

#6 Nyota ya Likoni

Hapana #5. Ukifika kwenye "wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu nyumbani" mke hawezi kumwambia mumewe hivyo. Na huku kwetu mwanaume anamwita mwenzake "baba" kila siku, nenda pale feri usikilize.

Halafu kabla ndugu zetu wa Tanzania hawajaanza: Les Wanyika ni bendi ya Nairobi. Imezaliwa 1978, wanamuziki walipotoka Simba Wanyika.

#7 Kondakta wa Zamani

Bendi ya Nairobi, wanamuziki wa wapi? Hao Simba Wanyika wenyewe ni akina Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Nairobi 1971. Kenya mlitoa studio, sisi tukatoa Kiswahili.

#8 Nyota ya Likoni

Kiswahili mtatupa sisi wa Mombasa? Makubwa haya.

#9 Mama Nuru

Rudini kwenye mada jamani.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi za watu wazima muda mrefu. Mapenzi nayaona saa ya kuona wagonjwa. Yupo mwanaume anayekuja na hotpoti ya uji na kanga safi iliyokunjwa kwenye mfuko. Anauliza mkewe kaenda choo mara ngapi, kisha anakaa anamkanda miguu. Hajui kusema maneno matamu hata moja. Na yupo anayekuja na maua ya plastiki, anapiga picha, anaondoka, na dawa iliyoandikwa ikanunuliwe dirishani hajainunua. Sijasikia wimbo unaomwimba yule wa kwanza.

Wimbo uliosema kweli kwa jicho langu ni Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala. Wakati watu wanazikwa kila wiki na hakuna anayeutaja UKIMWI, yeye alisimama akasema wanaume vaeni kinga. Redio Tanzania haikuupiga. Watu waliona ni matusi. Kwangu ule ni wimbo wa mapenzi kuliko zote, kwa sababu mtu anayekupenda hakuletei kifo nyumbani. Nimewahudumia wanawake ambao hawakuwahi kutoka nje ya ndoa hata siku moja.

#10 Kisima Kirefu

Mama Nuru umenigusa. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wa hao. Ferooz na Starehe yake nao uingie hapo. Tulipokuwa sekondari ule wimbo ulitunyamazisha bweni zima.

#11 Mchambuzi wa Mwenge

Wakuu, tatizo ni aina ya muziki. Muziki wa dansi wa miaka ya 70 na 80 ulikuwa na nafasi ya kusimulia. Wimbo unaanza taratibu na mashairi yake, mtu anapewa kisa kizima, kisha ndipo linakuja chemko, watu wanacheza. Na ili usikike nchi nzima ilibidi upite Redio Tanzania, ambako maneno yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Ndiyo maana watunzi waliandika visa vyenye mafunzo: mume mlevi, mke anayesikiliza mashoga, mwana aliyesahau wazazi. Leo wimbo una dakika 3, kiitikio kimekula 2. Ukimya wa ndani ya nyumba utauweka wapi?

#12 Binti wa Kange

Mchambuzi, hao wakaguzi ndio waliomzuia Remmy asisikike redioni, soma #9. Na hizo nyimbo za mafunzo, nani alikuwa anafundishwa? Mke. Vumilia, tulia, usisikilize majirani, mume akirudi usiku mpokee. Nimekua nazo, baba alikuwa nazo kwenye kaseti. Utungo wa mume anayefundishwa kuosha vyombo sijausikia mpaka leo.

#13 Mwanakwerekwe

Hapo ndipo taarabu inapowashinda nyote.

Dansi lilitungwa na wanaume, likapigwa kwenye baa, usiku, kwa watu waliolipa kiingilio na bia. Taarabu watu wake ni wanawake walioacha watoto wamelala nyumbani. Nenda kwenye shughuli uangalie mwanamke anavyoinuka kutunza. Ana noti yake mkononi kitambo, anasubiri. Hainuki ovyo. Anaungojea ubeti wake, ule unaomhusu yeye na mke mwenziwe au wifi yake aliyekaa safu ya tatu. Ukifika, anakwenda mbele taratibu, noti juu, anamtunza mwimbaji huku uso kaugeuzia kwa anayemwambia. Ukumbi wote unaelewa. Hakutoa neno, na ameshasema yote ya nyumbani kwake.

Hayo ni maisha ya ndani. Wivu, uke wenza, mashoga wanaochonganisha, mume anayegawa siku vibaya. Khadija Kopa na kundi la TOT, Nasma Khamis upande wa kundi la Muungano, miaka ile ya 90 mipasho ilipopamba moto, walikuwa wanaimba kilichotokea jana jikoni kwa mtu.

#14 Fundi Mabomba Ukonga

Mipasho inafundisha ugomvi, dada yangu. Mke wangu akiweka taarabu asubuhi najua siku hiyo nimekosa.

#15 Mwanakwerekwe

Basi imekufundisha. Umejua umekosa.

#16 Mama Nuru

Nimecheka peke yangu wodini.

#17 Msafiri wa Mgodini

Jamani mie niwape kisa changu. Nafanya kazi mgodini, familia iko mbali, narudi nyumbani mara chache. Nilikuwa natuma pesa kila mwezi nikaona nimemaliza wajibu. Siku moja mke akanitumia ujumbe: "Leo usitume pesa, piga simu tuongee." Niliona kama dharau. Kumbe mwanangu alikuwa ameanza kuniita "yule wa kwenye simu."

Wimbo ulionifaa ni Yahaya wa Lady Jaydee, ule wa 2013. Watu wengi wanaucheka. Yahaya hajulikani anaishi wapi, hajulikani kazi yake nini. Niliusikia kwenye basi la wafanyakazi, wenzangu wanacheka, mimi nikawaza: mke wangu akiulizwa na majirani mumeo anafanya nini hasa, anarudi lini, anajibu nini? Nikaanza kumwambia kila kitu: zamu yangu, kiasi ninacholipwa, deni la saccos. Mambo yamekuwa tofauti sana.

#18 Mzee wa Santuri

Msafiri, ahsante, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Ila unaona inavyorudi kwenye hoja yangu? Mshahara, deni. Pesa tena.

#19 Msafiri wa Mgodini

Hapana mzee. Pesa ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mimi.

#20 Mtoto wa Kenya, Lubumbashi

Kwanza, Kenya ninayoitaja ni commune yetu hapa Lubumbashi, msianze vita na #8.

Ninyi mnasahau Franco. Wimbo wake Mario, mwaka 1985, na bendi yake TPOK Jazz, mwimbaji Madilu akiwa ndani. Ni kwa Kilingala lakini najua Dar na Nairobi mliupokea. Kijana ana diploma 5, hataki kazi, anakaa kwa mwanamke mwenye pesa aliyemzidi umri. Mwanamke ndiye anayesema: nimechoka, diploma zako zifanye kazi. Hapa kwetu uliwaudhi vijana wengi kwa sababu uliwataja jinsi walivyo. Malaika ni mwanaume asiye na mali anayelia, tunamwonea huruma. Mario ni mwanaume asiye na mali anayelala mpaka saa nne, na mwanamke ndiye anayechoka. Nyumbani hao wawili wanaweza kuwa mtu mmoja.

#21 Kondakta wa Zamani

#20 umemaliza. Ndiyo maana Dar mwanaume anayelishwa anaitwa marioo mpaka kesho.

#22 Wakili wa Kijijini

Salaam. Naona Malaika imewateka, nichangie upande wa sheria.

Yule kijana wa Malaika, kama angekuwa Tanzania baada ya 1971, sheria haikumzuia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa. Kilichomzuia ni wazazi wa binti na haya ya kwenda mikono mitupu.

Na kuna kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inawadhania wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa mwanamke anaweza kuomba matunzo. Nimewaona wengi waliokuja kujua haya siku ya msiba, ndugu wa marehemu wanapobeba friji.

#23 Binti wa Kange

Wakili, na kazi za nyumbani? Maana hapo ndipo mapenzi ya kila siku yalipo. Miaka yote ya kupika na kufua inahesabiwa?

#24 Wakili wa Kijijini

Inahesabiwa. Rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa, hata kama hakuleta shilingi. Kabla ya hapo majaji walikuwa hawakubaliani, wengine wakisema kupika ni wajibu wa mke tu, haupewi bei.

#25 Kisima Kirefu

Kwa hiyo Bi Hawa alipata nyumba?

#26 Wakili wa Kijijini

Hakupata. Alishinda hoja, wanawake waliomfuata wakafaidika, lakini yeye mwenyewe mahakama iliona mumewe alishampa pesa za mradi akazitumia vibaya, na hizo zikahesabiwa kuwa fungu lake.

#27 Mwanakwerekwe

Subhanallah. Hicho ni kisa cha kutungiwa taarabu.

#28 Kidosho wa Umoja

Niaje wakubwa. Nyinyi wote mko na nyimbo za wazee. Sisi wa juzi tuko na Nerea, Sauti Sol wakiwa na Amos na Josh, 2015. Jamaa anambembeleza mpenzi wake asitoe mimba, anamwambia huyo mtoto anaweza kuwa mtu mkubwa, anataja akina Mandela na Obama. Kaka yangu aliusikia akabadilisha mawazo, leo niko na mpwa. Sasa semeni nyimbo za siku hizi hazifundishi.

#29 Binti wa Kange

Kidosho, hongera kwa mpwa, Mungu amkuze. Lakini mimi ule wimbo unanikera na nitasema kwa nini. Anataja atakayekuwa rais. Haguswi na atakayeamka saa tisa usiku, atakayeacha chuo, atakayelipia kliniki. Mtoto wangu si Mandela, ni mtoto wa kawaida mwenye pumu. Baba yake naye alisema maneno matamu kama hayo, na yalikwisha mtoto alipolazwa mara ya kwanza.

#30 Kidosho wa Umoja

Pole sana dada. Lakini si afadhali anayeomba kuliko anayezima simu? Kaka yangu ndiye anaamka saa tisa. Mtoto akilia huwa hangoji kuitwa, anaenda na thamosi yake ya maji moto. Tunaishi nyumba moja, namwona.

#31 Binti wa Kange

Kama ni hivyo kaka yako ni mwema. Ulianzia kwenye wimbo au kwa mama yenu aliyemlea, hilo sijui.

#32 Mchambuzi wa Mwenge

Hapo #31 ndipo ulipo mzizi. Sidhani wimbo unamfundisha mtu kitu asichokuwa nacho. Unampa maneno ya kusemea anachokijua tayari. Ndiyo maana #4 na #5 wamesikia Sina Makosa moja wakapata visa viwili.

#33 Msafiri wa Mgodini

Sikubaliani. Mimi Yahaya sikuwa namjua, nilikuwa mimi ndiye na sijui. Wimbo ndio ulionionyesha.

#34 Fundi Mabomba Ukonga

Na Bado Nipo Nipo ya Mwana FA je? Ule ulichelewesha ndoa za watu. Rafiki zangu walikuwa wanaujibia kila wakiulizwa utaoa lini. Mmoja bado yupo yupo na mvi zimeingia.

#35 Kisima Kirefu

Mimi nina swali, wenye kumbukumbu mnisaidie. Nyimbo za kumwomba mpenzi arudi ni nyingi mno. Za kumwomba mchumba akubali, usiseme. Je, kuna wimbo ambao mume anamwomba msamaha mke wake wa ndoa, ambaye hajaondoka, yupo hapo hapo jikoni, kwa kosa la kawaida? Labda alimgombeza mbele ya watoto, au alisahau kumpeleka kliniki. Nauliza kwa sababu nauhitaji.

#36 Mama Nuru

Nimefikiria sana, sijaupata. Wa kumwimbia marehemu upo.

#37 Mwanakwerekwe

Taarabu za zamani za Mombasa zipo za kuomba radhi, za akina Juma Bhalo, ila zile anayeombwa humjui ni mke, ni mchumba au ni jirani. Ushairi wao umefunika sana. #35, usingoje wimbo, nenda jikoni.

#38 Mzee wa Santuri

Dansi lazima upo mmoja. Nina makasha mawili ya Mlimani Park na Msondo sijayapekua, Jumapili nitashusha yote. Mwenye kaseti za Vijana Jazz naye apekue upande wake. #35, kosa lenyewe ni lipi, ili tujue tunatafuta wimbo wa uzito gani?

#39 Kisima Kirefu

Mzee, nilimwambia mbele ya ndugu zangu kwamba yeye nyumbani hafanyi kazi.

#40 Binti wa Kange

Mwonyesheni #24.